Sifa za Farasi Mia Nne Waliokwama Thelujini

Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution zimesifiwa mno, na karibu sifa zote hizo zimekosea shabaha. Watu huzisifu kwa mbio zake kwenye lami kavu, mahali ambapo yeyote mwenye mguu mzito na mkopo wa benki anaweza kudhaniwa kuwa dereva. Mimi nakusudia kuzisifu kwa jambo ambalo wenye nazo hulionea haya, nalo ni jinsi zinavyotaabika kwenye theluji nzito. Nasema hasa habari ya zile zilizokwisha kupita mikononi mwa fundi: tabo kubwa zaidi, programu ya injini iliyoandikwa upya, springi fupi zilizoshusha bodi hadi bampa inanusa barabara, matairi mapana, na ekzosi inayomtangaza mwenye gari mtaa mzima kabla hajakata kona. Gari la namna hiyo likiishi Sapporo, mji unaopokea kwa wastani karibu mita tano za theluji kila mwaka, huwa kero kwa mwenyewe, kwa jirani na kwa dereva wa greda la kusukuma theluji. Hoja yangu ni kwamba kero hiyo ndiyo thamani yake, na kwamba fedha zilizoteketea katika kuliunda hazirudi mahali pengine popote ila hapo.

Tuanze na hesabu. Sifa zisizo na hesabu tuwaachie waimbaji wa harusini. Mshiko kati ya tairi na lami kavu una kipimo cha karibu 0.9. Kwenye theluji iliyoshindiliwa kipimo hicho huanguka hadi karibu 0.2, na kwenye barafu tupu hadi 0.1 au chini yake. Gari la kilo 1,500 likisimama juu ya theluji ya 0.2 haliwezi kujisukuma kwa nguvu inayozidi niutoni 2,940 hivi, hata lingefungwa injini ya meli. Likiwa kwenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa, hizo ni kilowati 24 na nusu, sawa na farasi 33. Sasa STI ilitoka kiwandani na farasi wapatao 300, na tuseme fundi akaongeza mia. Farasi 33 wanavuta gari. Wale 367 waliobaki wanazungusha magurudumu mahali pamoja na kunywa petroli. Wenye dharau hucheka hapo. Mimi naona uadilifu ambao ni nadra kuupata: theluji ni karani asiyepokea kitu nje ya stakabadhi. Humpa mwenye farasi 400 na mwenye farasi 40 kibali kilekile, wala hashtuki mtu akimpigia honi.

Kuna kitu kimoja tu anachokitambua karani huyo, nacho ni idadi ya magurudumu yanayosukuma. Gari la kawaida linalovutwa na magurudumu ya mbele, ambayo hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake, kwa hesabu ileile hupitisha farasi 20. Kwa hiyo foo-wili imechuma farasi 13 halali, na hao wana nasaba nzuri kuliko wote waliomo ndani ya boneti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilihitaji gari la kuwafikisha mafundi wake milimani wakati wa baridi bila kuwatikisa kama gari la Jeep. Subaru ikaitikia, na mwaka 1972 ikaanza kuuza Leone ya magurudumu manne. Upande wa Ulaya, mhandisi wa Audi, Jörg Bensinger, alikuwa Ufini katika majaribio ya majira ya baridi ya 1977 alipoona gari la kijeshi la Iltis, lenye farasi 75 tu, likiyaaibisha magari yenye nguvu zaidi kwenye theluji. Januari 1978 gari la majaribio lililozaliwa na wazo hilo lilipanda mteremko wa asilimia 23 wa Turracher Höhe huko Austria, na mwaka 1981 Hannu Mikkola akaishindia Audi Quattro mbio za Sweden. Katika ukoo wote huo hakuna aliyeanza kwa kutaka kwenda kasi. Walitaka kufika. Kasi ni mjukuu aliyekuja kurithi nyumba na kubandika mbawa juu ya buti.

Hata hivyo mjukuu naye ana haki ya kufurahi, na theluji humfurahisha kwa bei nafuu. Kona yenye nusukipenyo cha mita 50 hupitika kwa kilomita 76 hivi kwa saa kabla gari halijaanza kuserereka kwenye lami kavu. Itandazie theluji, na gari lilelile litaserereka kwenye kilomita 36. Kwa kuwa nishati ya kugonga hukua kwa mraba wa mwendo, kosa la kilomita 36 hubeba chini ya robo ya nishati ya kosa la kilomita 76. Yote ambayo dereva aliyalipia huamka kwenye mwendo wa baiskeli: mbinu ya Waskandinavia ya kuelekeza pua ya gari nje ya kona kwanza, kisha kuachia mafuta na kulirudisha ndani ili uzito wa nyuma ulizungushe, kugusa breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ungali kwenye mafuta, kuongoza gari kwa difu zaidi ya usukani. STI ina kigurudumu kidogo cha kukazia au kulegeza difu ya kati. Evolution, tangu toleo la saba la mwaka 2001, ina swichi ya kuchagua lami, changarawe au theluji. Mwenye gari anayeishi Los Angeles amenunua theluthi ya swichi ambayo hataigusa kamwe. Na Nairobi, Subaru nyingi zilizoagizwa mtumba kutoka Japani zina kitufe cha kuyeyusha barafu inayogandisha waipa kwenye kioo, nacho kinazeeka hapo kikingojea kazi. Kwenye lami kavu, mpaka wa uwezo wa gari hili uko kwenye mwendo unaompeleka mtu mahabusu au kaburini. Kwenye theluji uko uani kwa mtu, nyuma ya maduka yaliyofungwa.

Msomaji mwenye akili timamu atakuwa ameshachoka kunisubiri nitaje breki. Pingamizi lake ni zito. Kila gari duniani, hata la bei ya kutupwa, hufunga breki kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo foo-wili humwongezea dereva ujasiri wa kuondoka bila kumwongezea hata nukta moja ya kusimama. Kutoka kilomita 50 kwa saa, lami kavu ya 0.9 husimamisha gari ndani ya mita 11 hivi. Theluji hudai mita 49, barafu mita 98, na hapo bado hatujahesabu muda wa dereva kushtuka. Mifumo ya kielektroniki ya kudhibiti mserereko, ambayo Marekani iliilazimisha kwa magari mapya ya abiria kuanzia yale ya mwaka 2012, hugawa vizuri mshiko uliopo na haiumbi mwingine. Nayakubali yote. Lakini angalia ni gari gani linalomdanganya mtu. Gari refu la kifahari lenye viti kama sofa humbeba dereva wake kimya hadi kilomita 90, likimficha habari zote za barabara, na siku ya kwanza anapozihitaji habari hizo huwa ameshaona taa nyekundu za lori lililo mbele. Gari letu halina adabu ya kuficha. Springi zake ngumu husimulia kila kipande cha barafu. Tabo yake, ambayo hukaa kimya kisha ikafyatuka ghafla, hulirusha tako kando kabla mwenyewe hajavuka makutano ya kwanza. Humtisha mapema, kwenye kilomita 15 kwa saa, akiwa bado anaweza kurudi nyumbani kwa miguu. Likimtisha asitishike, basi amelishinda lenyewe, na hakuna gari la kumfaa.

Wa pili atasema kwamba kigari cha farasi 70 chenye matairi ya baridi kitaliacha mlimani gari letu lenye matairi ya kiangazi. Kweli kabisa, wala si kwa bahati. Chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi mpira wa kiangazi hukakamaa, ilhali ule wa baridi hubaki laini na mikato yake myembamba huing'ata theluji. Ndiyo maana jimbo la Quebec limeulazimisha kwa sheria tangu 2008, na sasa kipindi chake ni kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Tena kwenye theluji nzito tairi jembamba hukata na kushuka kutafuta ardhi, wakati pana huelea juu. Magari ya mbio za Sweden hufungwa matairi membamba yenye misumari mamia, yanayoonekana kama yameazimwa kwenye gari la mwalimu mstaafu. Hivyo yule aliyelipia rimu pana zinazong'aa hulazimika kuzivua kila Novemba na kuvalisha gari lake rimu nyembamba za chuma cheusi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu maji ametiliwa na mawingu, tena yameganda. Mwaka 1997 Impreza ilishinda mbio tatu za kwanza za ubingwa wa dunia mfululizo: Monte Carlo na Piero Liatti, Sweden na Kenneth Eriksson, na Safari ya Kenya na Colin McRae. Gari lililokwenda Safari lilifungwa vyuma vya kinga mbele na bomba la kuvuta hewa lililopandishwa juu. Waliojua kushinda kwenye tope na theluji waliliinua gari lao kutoka ardhini. Fundi wa mtaani huliteremsha, kisha akabandika jina la ubingwa mlangoni.

Kuna na chumvi inayomwagwa barabarani, ambayo hula chuma cha chini ya gari tangu Desemba hadi Machi. Tangu Mitsubishi ilipoacha kuunda Evolution mwaka 2016, na Subaru ilipotangaza mwaka 2022 kwamba WRX mpya haitapata toleo la STI, wenye magari haya wengi huyafungia gereji majira yote ya baridi kama vyombo vya kabatini. Sina la kuwajibu, ila kwamba wamehifadhi bodi na kupoteza gari.

Lililobaki ni kukwama, ambako hakuepukiki. Bodi iliyoshushwa hadi sentimita 10 kutoka ardhini ikikutana na theluji ya sentimita 25 hulala juu yake kwa tumbo, na magurudumu manne yenye difu ghali hubaki yakizunguka bila kugusa kitu cha maana. Greda la manispaa nalo likipita alfajiri huacha tuta mbele ya kila lango, na bampa ya mapambo haikuumbwa kwa ajili ya tuta. Lakini kwa mahusiano ya mtaa sijui chombo kinachofaa kuliko hiki. Kilo 1,500 husukumwa na watu watatu, ilhali gari refu la kilo 2,500 likikwama huita winchi na bili. Jirani aliyekosa usingizi tangu Juni kwa sababu ya ile ekzosi hupata nafasi ya kutokea na beleshi, kusimama kidogo, kutazama, na kusaidia huku akitabasamu kuliko inavyostahili. Hakuna msamaha unaotolewa kwa raha kiasi hicho.

Na chini ya boneti, wakati wote huo wa kuchimbua, injini iko katika siku yake bora ya mwaka. Hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri ni nzito kwa karibu asilimia 14 kuliko ile ya nyuzi 20, na tabo hupenda hewa nzito na baridi. Oksijeni aliyoihangaikia fundi kwa mabomba na mapoza ya bei mbaya huja yenyewe, bure, siku ileile barabara imekubali farasi 33. Wengine wote wapo, wamenenepa, na hawana kazi hadi Aprili.