Jinsi ya Kujulikana Oldonyo Sambu Bila Kadi ya Karatasi

Anza kwa kuziaga kadi zako za zamani. Ulichapisha mia tano kwa mkupuo kwa sababu mchapaji alikwambia mia mbili hazilipi. Zimeandikwa "Mkurugenzi Mtendaji", na kampuni ina watu wawili, mmoja wao mdogo wako. Tangu siku hiyo umebadili laini mara moja na umehama ofisi mara mbili, kwa hiyo kilichobaki cha kweli kwenye kadi ni jina lako na rangi ya bluu. Wape watoto wachezee duka. Sasa umeingia dijitali.

Mwongozo huu nimeujaribu mwenyewe Oldonyo Sambu, barabara ya Namanga, kama kilomita 30 kutoka Arusha mjini, upande ule wa Mlima Meru ambao mvua huupita kama haiujui. Mimi nauza sola na pampu za maji, kwa hiyo ukame wa watu ndio ugali wangu, Mungu anisamehe. Nimepachagua kwa makusudi. Kubadilishana mawasiliano kwenye kumbi za AICC, ambako kila mtu ana beji shingoni na chai ya bure mkononi, hata mtoto anaweza. Mnadani, katikati ya mbuzi, vumbi na madalali, ndipo teknolojia hutoa jasho.

Hatua ya kwanza ni kutengeneza msimbo wa QR. Usiite "kodi ya QR" ukiwa mnadani. Neno kodi likisikika pale, watu hutawanyika wakidhani umetumwa na TRA. Msimbo huo ulibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave, ili vipuri vya magari visipotee kiwandani, na una sifa moja ya kuheshimika: ukitengenezwa kwa kiwango cha juu cha kujirekebisha, hata ukichafuka au kukwaruzika karibu theluthi moja bado unasomeka. Bizinesi kadi yako ilikuwa inashindwa hata na tone la chai.

Ila uwe macho na wanaokupangisha msimbo. Msimbo wa kupanga haubebi namba yako. Unabeba anwani ya tovuti yao. Mwezi ukiacha kulipa, mteja anaskani na kukutana na ukurasa usiokujua. Omba ule unaobeba jina na namba ndani yake wenyewe. Huo unasomeka hata bando likiwa limekata, na Oldonyo Sambu bando hukata pale tu unapolihitaji.

Mimi niliuchapisha wangu nikaubandika nyuma ya simu, nikavaa kofia yangu nyekundu, nikapanda Noah. Mnadani nikamwendea mzee mmoja aliyesimama kando ya madume yake manne, shuka begani, fimbo chini ya kwapa. Nikamwamkia sopai, akaitikia. Tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za majani, za watoto, tena za mvua. (Usiruke sehemu hii. Anayeanza na biashara kabla ya mvua huonekana ana lake jambo.) Ndipo nikageuza simu na kumwonyesha ule mraba wa vidoti vyeusi na vyeupe. Akausogeza usoni, akausogeza mbali, akaupapasa kwa kidole gumba kuona kama umechimba ndani.

"Hii chapa ni ya ukoo gani?" akauliza.

Nikamweleza kwamba unaelekeza kamera, jina langu linaingia kwenye simu yako. Akatoa simu yake kwenye mkunjo wa shuka. Kiswaswadu. Kina tochi, redio, na betri inayovuka wiki. Kamera hakina.

Hapa tusimame kidogo, maana mzee hakukosea hata chembe. Nilichomletea kilikuwa chapa, na kwenye chapa yeye ndiye mtaalamu. Nchi hii ina Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo tangu 2010. Mwaka 2017 chuma cha moto kilizunguka mabomani kila kona. Na kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025 imekuja na hereni. Yaani ng'ombe anatembea na utambulisho wake sikioni. Hachapishi mia tano, na hakuna anayemwuliza cheo. Mkurugenzi Mtendaji amesimama pembeni yake akitafuta mwanga wa kuskani.

Kuna pia kadi za kugusisha, kipande cha plastiki chenye kichipi kisicho na betri, kinachopata nguvu kutoka kwenye simu iliyosogezwa karibu, sentimeta chache tu. Mjini utapendeza nayo, hasa Juni kwenye maonyesho ya utalii, ambako watu hugusisha simu kama wanagonganisha glasi. Mnadani sikushauri. Ukimsogelea dalali mfukoni kwa sentimeta chache, maelezo utayatoa baadaye, kwa wengi.

Sasa njia inayofanya kazi. Inaitwa kubipu. Kabla Ulaya haijaota kadi ya kidijitali, sisi tulikuwa nayo: "Nibipu niseve." Simu ikiita bila kupokelewa salio halikatwi, kwa hiyo namba imehama kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine bure kabisa, bila karatasi, bila kamera, na kwa kiswaswadu chochote kile. Ukitaka kujinyima raha, taja namba kwa mdomo ndani ya Noah. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023, lakini ndani ya Noah namba hutajwa tarakimu kwa tarakimu kwa sauti ya mnada, na abiria wa siti ya nyuma, ambaye hamjuani, atakuuliza, "Samahani, ulisema sita au saba?"

Baada ya kubipu hufuata swali ambalo kadi ya karatasi haikuwahi kukuuliza: "Nikuseve nani?" Hapo usijibu kwa jina la ukoo. Ukisema "Mollel" au "Laizer" Oldonyo Sambu, umesema "binadamu". Nimeona simu yenye Mollel kumi na tisa: Mollel Mbuzi, Mollel Noah, Mollel Kanisani, na mmoja, maskini, Mollel Usipokee. Na usidhani cheo kitakusaidia. Kadi ya karatasi uliiandika wewe, ndiyo maana ilikusifu. Hii anaiandika mwenzio, na anaandika alichokiona.

Wapo watakaotaka kukuhakiki. Mjanja hakuulizi, anaingia kwenye huduma ya kutuma pesa, anaandika namba yako kama anayetaka kukutumia elfu moja, anasubiri jina lichomoze, halafu anakatisha muamala. Laini zote zilipaswa kusajiliwa kwa alama za vidole, na zile zisizosajiliwa zilianza kuzimwa baada ya Januari 20, 2020, kwa hiyo jina linalochomoza ni la aliyeweka kidole. Kama siku ile ulikuwa shamba na aliyeweka kidole ni shemeji yako, basi Mkurugenzi Mtendaji ni shemeji yako. Kabadilishe kabla hujaenda kutafuta wateja.

Turudi kwa yule mzee. Alimwita kijana wake, akampa kiswaswadu, akasema, "Mwandike huyu mwanangu." Nikambipu. Kijana akaniuliza bei ya pampu. Nikaitaja. Akanitazama, akamtazama baba yake, wakaongea Kimaasai sentensi moja fupi, kisha akabonyeza vitufe kwa utulivu wa mtu anayeandika neno analolijua. Sikuona alichoandika. Kijana mwenyewe alikuwa na simu kubwa, akaihamishia namba huko pia.

Jambo moja sikulijua siku ile. Mtu akimtumia mwingine mawasiliano yako kwenye WhatsApp, yanakwenda kwa jina alilokuseva yeye. Wiki tatu baadaye, kwenye grupu moja la wafugaji ambalo nilijiunga nalo kimya kimya, mama mmoja akauliza kama kuna anayemfahamu mtu wa pampu za sola. Dakika haikupita, kijana wa mzee akatupia kadi ya mawasiliano. Namba ni yangu, tarakimu zote kumi. Juu yake pameandikwa *Sola Ghali Kofia*.

Wiki hiyo nilipigiwa simu saba na watu nisiowajua. Kila mmoja alianza kwa kuomba punguzo.