Ushauri kwa Wenye Shida za Zambia

Zambia inapakana na Tanzania upande wa kaskazini-mashariki, na kosa la wengi wanaoiandikia safu hii ni kudhani kwamba kuvuka Tunduma ni sawa na kutoka Makambako kwenda Njombe. Shida zao zinajibiwa hapa kwa kufuata njia yenyewe, kuanzia stesheni hadi mbugani.

"Mwenye Tiketi" wa Temeke anataka kujua ni wapi Lusaka atakaposhuka kwenye treni ya TAZARA. Hatashuka Lusaka, kwa sababu treni hiyo haifiki huko. Reli hiyo, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ina urefu wa kilomita 1,860 na inaishia Kapiri Mposhi, takriban kilomita 200 kaskazini mwa Lusaka. Zilizobaki humalizwa kwa basi. Ratiba imezoea kutaja safari ya siku mbili hivi, na ratiba ina haki ya kutumaini. Treni huchelewa kwa saa nyingi, na huduma ya abiria imewahi kusimama kabisa. Habari huulizwa stesheni kwanza, mizigo hufungwa baadaye. Anayewahi harusi apande basi. Ikiwa bibi harusi ni yeye, apande ndege.

"Mpenda Hesabu" wa Tunduma amepoteza saa nzima mpakani na anawashuku wabadilisha fedha. Kwa jambo hili moja, hawana hatia. Saa za Zambia ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa moja: ikiwa saa mbili asubuhi Tunduma, Nakonde ni saa moja, ingawa tangu 2019 maofisa wa nchi zote mbili huwahudumia wasafiri katika kituo kimoja. Saa hiyo hukopeshwa wakati wa kwenda na kudaiwa wakati wa kurudi, na wanaosahau deni hukuta basi la Mbeya limeshaondoka. Kuhusu fedha, shaka yake ina msingi. Mwaka 2013 kwacha iliondolewa sifuri tatu, na 2025 zikatolewa noti mpya, ikiwamo ya kwacha 500. Anayekabidhiwa noti ya elfu hamsini mpakani amekabidhiwa kumbukumbu. Ni salama zaidi kubadilisha kidogo cha nauli na chakula, kiasi kikubwa kikasubiri benki.

Raia wa Tanzania au Kenya anayekwenda kutembea haombi viza, lakini pasipoti ni lazima, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae karibu nayo. Kinachosahaulika zaidi ni dawa. Baba mmoja mwenye mafua ameuliza ni chupa ngapi za dawa ya kikohozi zinatosha kwa wiki mbili. Jibu huenda likawa hata moja ni nyingi: dawa zenye kodeini au daifenhidramini, ambazo kwingine huuzwa bila maswali, zinadhibitiwa vikali Zambia, na wapo wasafiri waliotiwa mbaroni kwa ajili yake. Abebe cheti cha daktari, au avumilie kukohoa.

Mama wa Kigoma analalamika kwamba hotelini Lusaka aliagiza kitoweo kigeni kiitwacho kapenta, akaletewa dagaa. Malalamiko yake ni ya kweli kuliko anavyodhani. Samaki hao ni wenyeji wa Ziwa Tanganyika, na walipandikizwa katika ziwa la bwawa la Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960. Mama huyo amesafiri mbali kwenda kulipia jirani zake. Nshima nayo ni ugali. Anayetaka mapya aagize ifisashi, mboga za majani zilizopikwa kwa karanga, au viwavi waliokaushwa, ambao wenyeji huwala bila kuombwa ujasiri.

Barua ndefu kuliko zote imetoka kwa wachumba wanaotaka, kwa wikendi moja ya Aprili, kuona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya yamejaa, kuogelea kwenye kidimbwi cha ukingoni kiitwacho Devil's Pool, na kupiga picha za kila kona. Mto Zambezi hauruhusu. Maporomoko hayo, yenye upana wa karibu kilomita 1.7 na kimo cha mita 108, hujaa zaidi kati ya Machi na Mei. Wakati huo mvuke huwa mzito kiasi cha kuficha maji yenyewe, na kamera huloa kabla ya mwenyewe. Kidimbwi kile huogeleka maji yakipungua tu, takriban katikati ya Agosti hadi katikati ya Januari. Lakini Oktoba na Novemba upande wa Zambia hubaki mwamba mtupu kwa sehemu kubwa, na maji mengi huonekana kutoka Zimbabwe. Kwa hiyo wachague: maji au kuogelea. Wakichagua Aprili, wafike mwezi mpevu, maana hifadhi hufunguliwa usiku na upinde wa mvua huonekana kwa mwanga wa mwezi. Picha zingoje Juni au Julai. Wabebe sweta, kwani usiku wa miezi hiyo ni wa baridi kweli.

Wa mwisho anataka tembo wa Luangwa Kusini mwezi Februari. Mvua hunyesha Novemba hadi Aprili, njia nyingi za bonde hilo hugeuka tope na kambi kadhaa hufungwa. Wanyama huonekana vizuri Juni hadi Oktoba, wakikusanyika mtoni. Mwenye likizo ya Novemba pekee aende Kasanka, kwa kuacha barabara kuu baada ya Serenje akitokea Lusaka. Huko popo wa matunda wapatao milioni 10 hukusanyika hadi Desemba katika msitu mdogo wa kinamasi. Huruka machweo na kurudi alfajiri, hivyo mgeni hulazimika kulala hifadhini, na vitanda ni vichache.