Namna ya Kuchagua Pete ya Kulengea Bila Kudanganywa na Jua

Kila renji ya shabaha ina mtu mwenye kijisanduku cha pete za kulengea. Hukifungua taratibu mbele ya watu, akachagua pete ndogo kuliko zote, akaipachika kwa heshima, kisha akalala kifudifudi kupiga alama sita na saba. Anaamini kwamba pete ikilibana duara jeusi, risasi nayo itabanwa mpaka iingie kumi. Ni sawa na mtu anayenunua viatu vidogo akitumaini mguu utapungua. Mwongozo huu ni wake, na ni wako pia wewe unayetaka kumshinda kwa halali.

Bunduki ya mashindano ya mita 50 haina darubini. Nyuma, karibu na jicho, kuna tundu dogo. Mbele, mwishoni mwa mtutu, kuna bomba fupi ambamo ndani yake hupachikwa pete. Unaliweka duara jeusi la shabaha katikati ya pete, unaiweka pete katikati ya tundu, halafu unafyatua bila kuvuruga ulichokipanga. Jicho la binadamu ni hodari sana wa kupanga duara ndani ya duara. Linachodai ni ukanda mweupe wa kupimia, sawa pande zote.

Basi jambo la kwanza: lipe duara jeusi nafasi ya kupumua. Duara jeusi la mita 50 lina kipenyo cha milimita 112.4. Kwa jicho lililo mita 1 nyuma ya pete, linaonekana kwa upana wa milimita 2.25 tu. Bwana wa kijisanduku akipachika pete ya milimita 2.8, weupe unaobaki kila upande haufiki hata theluthi moja ya milimita. Mtutu ukitikisika kidogo, na lazima utikisike kwa sababu mpigaji ana moyo unaodunda, weupe wa upande mmoja unatoweka na jicho linaanza kubuni. Pete ya milimita 3.6 inaacha karibu milimita 0.7 kila upande, na jicho linabaki na kitu cha kupima. Hesabu hii si ya kupuuza: kosa la moja ya kumi ya milimita pale mbele huihamisha risasi kama milimita 5 kwenye karatasi, na duara la alama kumi lenyewe lina kipenyo cha milimita 10.4.

Jua likiwa kali, usiamini unachokiona. Karatasi nyeupe inang'aa mpaka mwanga unameza kingo za duara jeusi. Duara linaonekana limepungua, linatetemeka, na pete yenye ukingo mwembamba inaliwa vilevile. Hapo ndipo bwana yule anapokimbilia pete ndogo zaidi, ili ilikae sawa duara jeusi lililokonda. Mwache. Wewe anzia nyuma: libane tundu la karibu na jicho, au weka kioo cha rangi ya kijivu kupunguza ukali. Vaa kapelo. Kisha chagua pete yenye ukingo mnene, kwa kuwa ukingo mnene unahimili mwanga. Na usikodoe macho. Ukiitazama picha ileile kwa sekunde nyingi, jicho huendelea kukuonyesha duara lililokwisha kuhama, na utafyatua kwa furaha kubwa ukilenga kumbukumbu.

Wenye bunduki za zamani za kijeshi, kama Lee-Enfield, hawana pete. Wana kibamba kilichosimama mbele, na jua la ubavuni likikipiga, upande mmoja unameremeta huku wa pili ukibaki mweusi. Jicho linachukua nusu ya kibamba na kuidhani kizima, risasi zinakwenda pembeni, na upepo unalaumiwa. Dawa yake ni ya bei ndogo: masizi. Wapiga shabaha wengi wamepaka vilengeo vyao masizi ya taa, na moshi wa kibatari unafaa kabisa. Bunduki iwe tupu kwanza.

Mwanga ukififia, mambo yanageuka. Mboni inapanuka, kingo zote zinalegea, na ule ukanda mweupe unakuwa wa kijivu. Ongeza upana wa pete, fungua tundu la nyuma kidogo, na kioo cha njano kitakusaidia kutenganisha duara jeusi na mandhari yake. Mtu anayeendelea na pete ya mchana saa kumi na mbili jioni anastahili alama atakazopata.

Wawindaji walilijua hili mapema. Nyati ni mweusi, kichaka ni cheusi, na kilengeo cheusi juu yake hakionekani. Mafundi wa Uingereza waliotengeneza bunduki za safari waliweka mbele shanga nyeupe ya pembe ya ndovu au ya jino la ngiri, na wengine wakaongeza shanga kubwa ya kuinuliwa jioni. Shanga hiyohiyo mchana wa saa sita inawaka mpaka inaficha bega la mnyama, ndiyo maana ilitengenezwa ya kulazwa. Giza totoro ni habari nyingine. Patterson, mhandisi wa reli aliyewasaka simba wala watu wa Tsavo, alipompiga simba wa kwanza usiku wa Desemba 1898, alikuwa juu ya kichanja chembamba akipiga umbo la kukisia, na hapo hakuna shanga iliyoweza kumfaa.

Limebaki wingu, ambalo huja shindano likiwa katikati. Ukiliona linavuka, ishushe bunduki begani upumzike. Kwa kulala, una dakika 50 za kupiga risasi 60, na wingu dogo halitazila zote. Bwana wa kijisanduku atakuwa ameshaanza kufungua bomba, pete mpya mkononi, jasho likimtoka. Ila risasi za majaribio hupigwa kabla ya shindano kuanza. Risasi yake ya kwanza kupitia pete ile mpya itahesabiwa.