Vita vya Shangazi na Fuko

Mvua ya masika ilipolainisha ardhi, ua wetu hapa Garissa ulitokwa na vichuguu vidogo vyenye tundu juu, kila kimoja kikirusha mchanga. Shangazi akakimbilia tuta lake la viazi vitamu. Aling'oa kiazi, akabaki na ganda tupu mkononi.

Mbuzi wa jirani wakashtakiwa, wakaachiliwa. Abti, mjomba wetu, akatega mtego wa panya. Asubuhi tukaukuta umefukiwa. Ndipo Shangazi akaamuru mashimo yajazwe maji. Watoto walimwaga ndoo baada ya ndoo, ardhi ikanywa yote, mpaka ikatitia chini ya pipa. Pipa likapinduka, na maji ya nyumba nzima yakaenda.

Kwenye shimo hilo alijitokeza mwenye kosa: kiumbe mwenye ngozi ya waridi iliyokunjamana, macho madogo mno, meno nje ya midomo. Abti akainua koleo. Ayeyo, bibi yetu, akamzuia.

Huyo ni fuko asiye na manyoya, mwenyeji wa Kenya, Somalia na Ethiopia. Midomo yake hufunga nyuma ya meno ili achimbe bila kumeza udongo. Mwaka 1981 Jennifer Jarvis alieleza kwamba wanaishi kama mchwa: malkia mmoja ndiye anayezaa, wengine huchimba, hulinda na kulea. Kundi laweza kukaribia 300. Utafiti wa 2017 ulionyesha kwamba hustahimili dakika 18 bila oksijeni. Huishi zaidi ya miaka 30, na ni nadra kupata saratani.

Lililomgusa Ayeyo, aliyekulia kwenye ufugaji, ni ulaji wao. Wakikuta kiazi kikubwa cha mwituni hula nyama ya ndani na kuliacha ganda, nacho huendelea kukua.

"Anayeacha mzizi hajaharibu," akasema. "Mwacheni."

Shangazi alinuna, kisha akahamishia viazi kwenye magunia yaliyojazwa udongo, juu ya sakafu ya saruji. Pipa nalo likajengewa msingi. Magunia yamezaa, na fuko wangali chini yetu. Basi anayelima kandokando ya Mto Tana na kuona vichuguu hivyo asikimbilie sumu. Anayechimba hapo anajua kula katika nchi kame bila kuimaliza, na mwili wake una mengi ambayo tiba ya binadamu bado inajifunza.