Shikamoo Ina Sekunde Ngapi?

Nilimaliza kidato cha sita Mei 2019, matokeo yakatoka Julai, chuo nikapata, ada ndiyo ikawa kitendawili. Nikahamia Tabata kwa mama mdogo, nikawa nalala sebuleni na kula ubwabwa wake bila kuchangia hata kiberiti. Alivumilia mpaka Septemba. Siku moja akarudi sokoni na habari kwamba binti wa jirani anafanya kastama kea kwenye kampuni moja ya simu, na wanatafuta vijana.

"Wewe si unajua kuongea?" akaniuliza. Ilivyomtoka, haikuwa sifa.

Usaili wenyewe dakika kumi. Mama mmoja mwenye miwani alinipa karatasi nisome kwa sauti, kisha akaniambia nisome tena huku natabasamu. Nikamwuliza tabasamu litaonekanaje kwenye simu. "Linasikika," akasema. Kwa hiyo msomaji, siku ukipiga simu kulalamika kwamba hela yako imekwenda kwa mtu usiyemjua, elewa kwamba yule kijana wa upande wa pili anatabasamu, na wala hakucheki. Ndivyo alivyoajiriwa.

Mafunzo yalichukua wiki mbili. Tulifundishwa kwamba PUK ina tarakimu nane, na mteja akiikosea mara kumi laini imekufa, hakuna wa kuifufua. Tulifundishwa kwamba namba ya umeme wa LUKU ina tarakimu ishirini, na mtu aliye gizani atakusomea zote hata kama ulishamwelewa kwenye ya tatu. Juu ya yote, simu moja isizidi dakika nne. Kwenye pembe ya kompyuta kulikuwa na kisaa kidogo cha kijani. Dakika ya tatu kinageuka njano, ya nne chekundu, na kikishakuwa chekundu unaanza kusikia viatu vya supavaiza.

Aliyepanga hizo dakika nne sikuwahi kumwona, lakini naapa hakulelewa uswahilini.

Simu yangu ya kwanza kabisa: "Karibu huduma kwa wateja, nikusaidie nini?" Kimya. Halafu sauti ya bibi kizee: "Kwenu hamsalimiani?"

Nikamwamkia. Marahaba. Baba hajambo? Hajambo. Mama je? Hajambo. Unatokea wapi? Nikasema Tabata. "Sikuulizi unapolala, nakuuliza kwenu." Nikasema Korogwe. Hapo ndipo nilipoharibu, maana bibi alikuwa na shemeji yake Korogwe, mtu wa mashamba ya mkonge. Saa ikawa njano shemeji akiwa bado hajaoa. Alipozaa mtoto wa pili ikawa nyekundu. Supavaiza alishanisimamia mgongoni wakati bibi anasema, "Haya mjukuu wangu, nilichokupigia ni kwamba vocha haiingii."

Tatizo langu kubwa, hata hivyo, halikuwa saa. Lilikuwa shikamoo. Mtaani unamwona mtu, unapima mvi, unapima kitambi, unaamua. Kwenye simu huna mvi. Mwongozo ulituagiza tuseme "habari yako" kwa kila mtu, ila mtoto wa Korogwe akimwambia mzee wa miaka sabini "habari yako", aliyetukanika ni mama yake. Nikaamua kupima kwa sauti. Siku ya pili ikaingia sauti nzito, kavu, ya mtu aliyevuta tumbaku miaka mingi.

"Shikamoo mzee."

"Mimi ni dada."

"Shikamoo dada," nikasema, nikidhani naokoa jahazi. Alikuwa na miaka ishirini na mbili na mafua. Baada yake ikaja sauti nyororo kabisa, nikaichangamkia, "Mambo vipi?" Akajibu taratibu kwamba yeye ni mchungaji mstaafu.

Ukombozi ulikuja Desemba. Laini zote zilitakiwa ziwe zimesajiliwa kwa alama za vidole kufikia tarehe 31, siku ambayo baadaye ilisogezwa hadi 20 Januari 2020, na nchi nzima ikaamua kutupigia kwa pamoja. Ilitubidi tuwaulize namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA. Nayo ina tarakimu ishirini, lakini nane za mwanzo, Mungu ni mwema, ni tarehe ya kuzaliwa.

"Moja, tisa, nne, saba..."

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba. Nilikuwa nimefika wapi?" Akaanza upya.

Nikajirekebisha, nikawa nasubiri mpaka tarakimu ya ishirini ndipo niamkie. Sasa wazee wakawa wanasoma namba kwa kisirani, kwa sababu muda wote huo wanajua wanaongea na mtoto asiye na adabu.

Nyumbani nako mambo yaliharibika. Mama mdogo aliniita nimpelekee chumvi jikoni nami nikamjibu, kwa tabasamu la kusikika, "Samahani kwa usumbufu, naomba uendelee kusubiri." Mwiko ulipita karibu na sikio.

Halafu Januari, asubuhi moja, ikaingia sauti ambayo sikuhitaji NIDA. Mwalimu wangu wa hisabati wa kidato cha tano na sita, yule wa kukutupia swali kabla makalio hayajagusa kiti. Shikamoo ilinitoka nimeshasimama wima. Waya wa hedifoni ndio ulionirudisha chini. Hakunitambua. Shuleni tuliitwa kwa majina ya baba zetu, kazini natumia la kwanza.

Alikuwa amesahau namba ya siri ya kutolea hela. Kabla ya kumsaidia sharti nimhoji. Majina kamili akapata. Mwaka wa kuzaliwa akapata.

"Mara ya mwisho ulituma shilingi ngapi?"

"Elfu ishirini."

Skrini ilisema elfu kumi na tano.

"Jibu si sahihi, mwalimu."

Kimya kirefu. "Nani kakwambia mimi ni mwalimu?"

"Inasikika," nikasema.

Akaguna. Nikamsikia anapiga hesabu chini chini, elfu ishirini toa kitu gani sijui. "Kumi na tano," akasema hatimaye. "Ile tano nilimpa mkononi." Nikamfungulia. Saa ilikuwa bado kijani, kwani mwalimu hakuwahi kuuliza habari za mtu yeyote.

Kila baada ya simu mteja hutumiwa ujumbe atoe alama, moja hadi tano. Jioni supavaiza aliniita anionyeshe za siku ile. Mwalimu alinipa tatu. Nilipiga hesabu mwenyewe, bila kikokotoo: tatu kati ya tano ni asilimia 60. Kwa miaka miwili darasani kwake sikuwahi kufika huko.