Choo Kinanukia

Kodi yangu imepanda shilingi 500 kwa sababu ya herufi moja.

Choo cha ploti yetu hapa Bondeni, Nakuru, kiliziba siku nne mfululizo. Siku ya tano nikashika simu kwa hasira, nikamwandikia mwenye ploti: "Mzee, choo chetu kinanukia sana. Sisi wapangaji wote tunazungumzia hiyo harufu." Mzee ni mtu wa Mombasa, tena wa Mji wa Kale. Alijibu upesi, jambo ambalo halijawahi kutokea. "Alhamdulillahi, mwanangu. Nimefurahi kusikia."

Nikamwonyesha mke wangu, mzaliwa wa Lamu. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Umekisifu choo, babangu!" Kwao kinachonukia ni asumini, udi na pilau. Choo kinanuka. Basi hiyo "i" niliyoichomeka mimi ilitosha kukigeuza mtaro kuwa chetezo.

Lakini nani alinifundisha tofauti? Huku bara mafuta mazuri yananukia, soksi zinanukia, na mbwa aliyekufa barabarani ananukia. Tulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na bado jiji zima linatumia kitenzi kimoja.

Tangu siku hiyo mke wangu amenifanya mwanafunzi. Juzi tulipanda matatu ya kutoka Kisumu, kuna gunia la omena chini ya kiti changu. Nikaguna, "Hii gari inanuka." Akanikosoa papo hapo: hilo ni shombo. Shombo ni la samaki, hung'ang'ania vidole hata ukisugua kwa sabuni na ndimu. Kondakta aliyeinua mkono kushika paa juu ya uso wangu, hicho ni kikwapa. Maharagwe ya jana yaliyoanza kutoa povu yamechacha, na ukiyaacha mpaka kesho kutwa utaujua uvundo, ule ule tunaoletewa na upepo kutoka jaa la Gioto mvua ikinyesha. Wenzetu wa Olkaria, kule kwenye mvuke wa umeme, wao wana harufu ya kiberiti, ile ya yai viza.

Mwalimu wangu alikwama mahali pamoja tu. Jirani yetu Mkalenjin alituletea mursik, maziwa ya kibuyu kilichopakwa mkaa, yamelala siku nyingi yakakomaa. Mke wangu alisogeza pua, akairudisha haraka. "Yamechacha haya." Jirani akavuta harufu ile ile, akafumba macho. "Aah, yananukia!" Nami nilinyamaza, nikaongeza kikombe cha pili. Nadhani kuna vitu ambavyo kamusi ya Lamu haikufika kuvinusa.

Na jambo jingine linanikera. Waswahili hawanusi tu harufu, wanaisikia. "Nasikia harufu," atasema mke wangu, kana kwamba choo kimepiga hodi. Zamani niliona ni kichekesho. Baada ya siku tisa za choo kuziba nakubali: kile choo nakisikia usiku wa manane nikiwa nimejifunika blanketi mbili, na majirani nao wanakisikia, maana ukuta wetu ni mwembamba.

Nilimwandikia tena mzee, safari hii nikiwa na msahihishaji begani: "Samahani, Mzee. Nilikosea. Choo kinanuka." Akanipigia. Sauti ya upole, ya mtu aliyemaliza kunywa kahawa.

"Sasa mwanangu, nishike lipi? Juzi chanukia, leo chanuka?"

Nikamweleza habari ya ile "i". Akasikiliza mpaka mwisho, akanipongeza kwa kujifunza Kiswahili. Kisha akaniambia kwamba aliposikia wapangaji wameridhika hivyo, alishapandisha kodi kuanzia mwezi huu, na neno la mtu mzima halirudi nyuma.

Msomaji, kama unamjua fundi wa kuzibua vyoo hapa Nakuru, mwelekeze Bondeni. Asiulize nyumba. Atatusikia.