Bwana Harusi Aliyeganda

Tangu Ijumaa iliyopita, kila nimpapo Mjomba shikamoo, yeye badala ya kuitikia marahaba huniuliza, kwa sauti ya kutosha baraza nzima, "Enhe, yule kijana amekwisha kukubali, au angali anafikiri?" na wanywa kahawa wote, wakiwamo wasionijua hata kwa jina, huangua kicheko ambacho sina budi kukipita nikiwa nimeinamisha uso.

Kijana huyo ni binamu yangu, na jambo linalodaiwa kwamba angali analifikiri ni ndoa yake mwenyewe. Akdi ilifungwa Muscat baada ya sala ya Isha, ambayo kwetu Mombasa, kwa kuwa saa za huko zimetutangulia kwa saa moja, iliangukia punde baada ya Magharibi. Na madhali nauli ya ndege si ya kila mtu, iliamuliwa kwamba jamaa waliosalia wakusanyike sebuleni kwangu, Mji wa Kale, ambako kulikuwa na runinga kubwa na waya mpya wa faiba wa kampuni ambayo wakala wake aliniapia, mkono kifuani, kwamba kwa megabiti 30 ningeutazama ulimwengu mzima pasi na kukwama. Busati likatandikwa, udi ukafukizwa, kahawa na halwa zikapita. Wazee wakaketi mbele kwa kanzu zilizopigwa pasi, na wanawake wakawa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, wakitazama kwa simu ya Shangazi, ambaye hana imani na chochote kisichotoka katika bando lake mwenyewe.

Mwanzo ulikuwa wa fahari. Tulimwona kadhi, tukaziona nakshi za jambia kiunoni mwa bwana harusi, tukaisikia hotuba ya nikahi neno kwa neno. Walii akatamka kwamba amemwoza binti yake kwa mahari waliyoafikiana; bwana harusi akavuta pumzi, akafungua kinywa, na papo hapo akaganda: kinywa wazi, jicho moja limefumbwa nusu, kidole kimesimama hewani, na juu ya kilemba chake kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, bila haraka wala haya.

"Sema, mwanangu, usiogope," Mjomba akamhimiza. Mzee mmoja aliyedurusu fiqhi akaeleza kwa taadhima kwamba kimya cha bikira ni idhini, ama kimya cha bwana harusi hakuna kitabu kilichokitaja kwa heri. Alikuwa angali anafafanua hitilafu za madhehebu pale vigelegele vilipopasuka nyuma ya pazia, na hapo msiba ukatimia, kwani kwa akina mama kijana alikwisha kuoa ilhali kwetu alikuwa bado kapera. Hadhara ikagawanyika: wako waliotaka habari ya simu ya Shangazi ipokewe, na wako walioapa kwamba hawawezi kuitikia amina juu ya ndoa ambayo hawakuishuhudia; Mjomba, asiyependa mjadala, akainuka akaitikisa runinga kwa mikono miwili. Picha iliporejea, kinywa kile kile kilikuwa wazi, ila safari hii kilikuwa kikilishwa halwa.

Usiku ule sikulala, na kwa kuwa fedheha hufungua akili kuliko kitabu, nikaanza kuichunguza njia ambayo neno "nimekubali" lilipaswa kuipita. Nilistaajabu. Video haitiririki mfululizo, bali hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande hutengenezwa kwa daraja kadhaa, cha picha kali na cha picha hafifu, ili chombo cha mtazamaji kichague kadiri ya nguvu ya mtandao wake, na huku kikiagiza vipande vya mbele na kuviweka akiba. Ndiyo maana filamu huvumilia mtikisiko mdogo, kwani akiba yake ipo. Lakini harusi inayoonyeshwa mubashara haina akiba ya maana, maana jambo ambalo halijatokea haliwekeki ghalani. Wala kiasi kinachohitajika si kikubwa: Netflix yenyewe huwashauri wateja wake kuwa na megabiti 5 kwa sekunde kwa picha safi ya kawaida, na 15 kwa ile ya daraja la juu kabisa. Mimi nilikuwa nimelipia 30.

Basi neno lilifia wapi? Nilianza kwa kuishuku bahari, nikaona naidhulumu. Tangu mwaka 2009 upo mkonga uitwao TEAMS, uliolazwa chini ya maji kutoka Fujairah, jirani kabisa na Oman, hadi Mombasa, masafa ya takriban kilomita 5,000. Na kwa kuwa nuru ndani ya kioo hukimbia kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde, safari ambayo mababu zetu waliifanya majuma kwa majuma juu ya jahazi, wakiungoja upepo wa kaskazi, nuru huimaliza kwa sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Nikakishuku kioo cha mtaani. Huo ni uzi mmoja ambao kigawanyio kidogo kisichotumia hata umeme huupasua uende nyumba 32, au pengine 64, na ajabu yake ni kwamba nuru yote hufika kwa wote, hata tamthilia anayoitazama jirani huingia mpaka ndani mwangu, ila imefungwa kwa ufunguo nisio nao. Lakini uzi huo hubeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde. Wagawie watu 64, wote wawe macho, kila mmoja atapata zaidi ya zile 30 zangu. Kioo nacho hakina hatia.

Fundi wa kampuni, alipokuja, aliutia hatiani ukuta. Nyumba zetu zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta za unene wa nusu mita, na ni kweli kwamba mawimbi ya waifai, hasa yale ya gigahezi 5, huzipenya kwa taabu. Ruta yenyewe aliipachika ngazini, mahali waya wake ulipokomea. Nikanunua waya, nikautoboza ukutani, nikaiunga runinga na ruta moja kwa moja. Asubuhi ikawa raha tupu. Ilipofika saa mbili usiku, kiduara kikarudi.

Kilichobaki ni daftari la kampuni. Ipo njia kuu ya kuufikia ulimwengu ambayo kampuni huinunua kwa jumla, na hapo ndipo penye sinia la pilau: limepakuliwa la kuwatosha watu sita, na mwenye shughuli anaendelea kuwaita wapita njia, akitumai kwamba wote hawataona njaa saa moja. Saa nne asubuhi utashiba. Usiku, watu warudipo majumbani, utakuta mchuzi. Ukilalamika huambiwa upime kasi, nawe ukipima unaona 30 kamili, kwa sababu kipimo hicho aghalabu hukufikisha kwenye mtambo ulio ndani ya mtandao wao wenyewe, njia ambayo haina msongamano hata kidogo.

Hapa kicheko hunikauka. Mkataba hutaja kasi ya juu kabisa, hautaji ya chini; nalipa kamili, tena mbele, na ikifika siku ya mwisho hukatwa kwa usahihi ambao laiti wangeutumia katika kazi nyingine. Nami ni mwenye afadhali. Kibarua anunuaye bando la siku hulipa ghali zaidi kwa kila megabaiti kuliko mimi mwenye faiba, kisha likaisha muda usiku wa manane likiwa halijatumika nusu, na kitu alichokinunua kwa jasho lake kikarejea kwa muuzaji pasi na yeyote kukiita wizi.

Kampuni ya pili niliyohamia ilinifanya niyajue magoli kwa ukelele wa jirani kabla mchezaji hajaupiga mpira. Dishi la setilaiti nililoliazima lilishindwa kupata nafasi mbele ya kunguru.

Siku hizi sisomi tena karatasi za mawakala. Hubisha hodi saa tatu usiku kwa watu wa mtaa huu huu, si ule wa pili, nikawaomba wanionyeshe mechi au mawaidha yanayoonyeshwa mubashara, nikakaa nayo nusu saa nzima. Na wapo wanaodhani nimekuja kuposa.

Ama ile kampuni ya kwanza, niliiandikia barua ndefu ya kudai fidia ya akdi, nikaeleza hali ya kijana na hali ya Mjomba. Haki itendwe, walijibu kwa adabu: wakaniongezea gigabaiti 5 za bure, zitumike kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, kabla ya Jumapili.